Vichwa vya Mwezi wa Saba

Wahu, ambaye wateja humwita Mama Muigai, ana duka mtaani Munyaka. Ukitaka kujua msimu, angalia rafu yake ya dawa za maumivu. Wakati wa kupalilia mahindi, wanunuzi huja jioni wameshika viuno. Mahindi yakikomaa, dawa hukaa tu. Lakini mwezi wa saba, baridi ya Eldoret ikikaza, watu huja asubuhi na mapema, na wote wameshika vichwa.

Mwaka huu walizidi. Ajabu ni kwamba ikifika saa nne kila mtu yuko sawa. Dawa ya Mama Muigai ni kiboko, walisema. Jumapili vichwa vilipona kanisani kabla hata ya mahubiri, basi siku hiyo sifa zikaenda kwa pasta. Wahu alifurahi, kwa nini nidanganye? Akaagiza dawa zaidi.

Asubuhi moja akaja Naomi, mpangaji wa ploti ya nyuma, mtoto mgongoni. Alitaka dawa ya kichwa. Kisha akauliza kama kidonge kinaweza kukatwa, maana mtoto naye ametapika na hataki kunyonya. Wahu akachukua kisu cha mkate.

“Ngoja kwanza, Mama Muigai.” Aliyesema ni Jepchirchir, mhudumu wa afya ya jamii, aliyekuja kununua majani chai. Akamgeukia Naomi. “Usiku mnaota moto na nini?”

“Na jiko la makaa. Naingiza ndani likishaacha moshi, halafu naziba dirisha na gunia. Baridi ni mbaya.”

Jepchirchir akasimamisha bodaboda papo hapo, waende hospitali.

“Makaa hata bila moshi yanatoa hewa ya sumu,” alisema akimfunika mtoto. “Huioni, na haina harufu. Inaanza na kichwa, unatapika, halafu usingizi. Mtu analala na haamki tena. Hii dawa haiondoi hiyo sumu mwilini.”

Wakaondoka. Wahu akabaki na kisu mkononi. Kumbe kilichokuwa kikiwaponya ikifika saa nne ni hewa ya nje! Na kule kanisani, ni yale madirisha makubwa. Kitu kisichoonekana kilikuwa kikiingia nyumba kwa nyumba, wenyewe wamelala. Alama yake ilikuwa hapa kwenye rafu yake, na yeye akaiita biashara. Mungu wangu, alisema polepole, akakaa kwenye kreti ya soda.

Hospitalini mama na mtoto waliwekewa oksijeni. Kabla jua halijatua mtoto alikuwa ananyonya.

Jepchirchir alipita kila mlango. Jiko liwashwe nje, na wakati wa kulala libaki nje. Ndani, watu waongeze blanketi. Anayeamka na kichwa atoke nje kwanza, kisha aende kituo cha afya. Wahu naye hauzi dawa ya kichwa kabla ya kuuliza jiko lililala wapi. Wengine humcheka, lakini hujibu.

Baridi haikupungua hata kidogo. Ila asubuhi dirisha la duka likawa kimya. Dawa alizoagiza zimejaa rafuni, mali imelala, na kila akiziangalia Wahu hushukuru.

Jana Naomi alikuja mapema, mtoto mgongoni. Mkono wa Wahu ukaenda kwenye dawa wenyewe, kwa mazoea.

“Hapana, Mama Muigai,” akasema Naomi. “Nipatie unga wa uji. Huyu ameamka na njaa.”