Mikate ya Nani, Bila Hamira

Asubuhi ile soko la Chake Chake, Pemba, lilifurika watu, lakini hamira haikupatikana duka hata moja. Ilikuwa siku chache baada ya uchaguzi wa 2005 na meli ya mizigo ilikuwa haijafika. Fakhriya, binti wa kijiji cha Wawi, alisimama dukani ndani ya buibui jeusi na mtandio wa zambarau, mkononi ana unga wa ngano na kopo la maziwa mgando.

"Wapika nini, dada?" aliuliza kijana mmoja mwenye shati lililonyooshwa.

"Mikate ya nani."

"Sijui ya nani. Ndiyo nakuuliza weye."

Fakhriya alicheka hata mtandio ukamteleza. "Nani ni mkate wa Kihindi! Unga, mgando, chumvi na samli. Waukanda, waulaza, wausukuma, wautia kwenye chuma cha moto. Hamira ya kazi gani?"

Kijana yule, Fahd, aliuza vipuri vya pikipiki papo hapo Chake, ila kwao ni kijiji cha Mtambile. Hakuondoka mpaka kapata namba yake, na tangu hapo simu ikawa inalia kila alasiri.

"Roho yangu, mkate wangu leo umekuwa kiatu."

"Hukuulaza unga. Haraka ya nini?"

"Haraka yangu ni ya kumpata mpishi."

Fahd akaahidi kuleta posa. Kisha siku moja jirani, Mwanakhamis, akaja na habari: "Ijumaa kuna ndoa kwa Mzee Mbaruk, Mtambile. Nyumba inapakwa chokaa."

Mzee Mbaruk ndiye babake Fahd, na Fahd ndiye mwanawe pekee. Fakhriya akapiga simu.

"Fahd, kwenu kuna ndoa?"

"Ipo. Ila Baba kanikataza kuisema mpaka ipite. Nivumilie, habibti."

"Nikuvumilie uoe?"

Akaizima simu na hakuiwasha tena.

Ijumaa mamake, Bi Maisa, mjane wa miaka mingi, alimwambia, "Kanda unga mwingi, mwanangu. Tuna wageni baada ya sala." Fakhriya alikanda huku akilia. Wageni gani, hakuwa na moyo wa kuuliza.

Alipotokeza barazani na sinia ya mikate ya moto, alisimama ghafla. Fahd alikuwa amekaa mkekani, kanzu nyeupe pe, kofia mpya. Kando yake, mzee aliyevaa joho, na upande wa pili shehe.

"Weye wafanya nini hapa?" walisema Fakhriya na Fahd kwa pamoja.

"Hapa kwetu! Umekuja kuolea nyumbani kwangu?"

"Miye? Anayeoa ni Baba huyu! Kaniambia mjane wa Wawi, hakunitajia jina."

Wawi wajane ni wengi. Nyumba hii mjane alikuwa mmoja tu. Sinia ilimponyoka, mikate ikatapakaa.

Bi Maisa alitoka mlangoni akinukia udi. "Nilikuogopa, mwanangu. Na ami zako wangejua naolewa na mtu wa chama kile wasichokitaka, wangekuja kuivunja. Tangu uchaguzi wa mwanzo wa vyama vingi hawampi hata salamu."

Fahd aligeuka kumtazama Fakhriya. "Basi sisi tumeshakuwa ndugu?"

Shehe Othman, aliyekuja kufungisha ndoa, aliinua kichwa. "Mna baba mmoja?"

"La, Shehe."

"Mama mmoja? Mlinyonya ziwa moja?"

"La!"

"Basi hakuna kinachowazuia. Kwani mwataka nini?"

Mzee Mbaruk alimgeukia mwanawe, macho yamemtoka. "Kumbe na weye?"

"Miye nilianza, Baba."

Fahd akasogea mpaka mbele ya Bi Maisa, akapiga magoti katikati ya mikate. "Mama, namwomba Fakhriya."

Bi Maisa alimtazama binti yake. Fakhriya aliuma ncha ya mtandio, machozi hayajamkauka, akaitikia kwa kichwa.

"Subhanallah!" Bi Maisa alijishika kifua. "Ngojeni basi niolewe miye kwanza!"