Nani Alikuwa Kwenye Usukani?

Msimu wa korosho ukifika, kijiji cha Mahurunga hakikai kimya. Wanawake wanaokota korosho tangu asubuhi. Mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yanarundikwa pembeni, na harufu yake tamu inajaa njia nzima. Wapo wanaoyakamua wakapata juisi ya watoto. Wapo wanaoyachachusha wakapata uraka, pombe inayomwangusha mtu mzima mchana kweupe.

Hadija hakuwa na ugomvi na uraka wa mtu. Kila mtu na tumbo lake. Lakini juma lile uraka uliingia nyumbani kwake bila kunywewa, ukakaa kati yake na mumewe, Omari.

Mambo yalianzia kwenye arobaini ya jirani. Kwa watu wa huku mtani ana ruhusa yake msibani. Atadai mali ya marehemu, atawasimanga wafiwa, na hakuna wa kununa. Siku ile mtani wao, Mzee Kassimu, alijifunga kanga kiunoni. Akashika mfuniko wa sufuria kama usukani, akaanza kuyumba uwanjani.

"Pii! Pii! Nipisheni! Mimi dereva wa Tunashukuru! Gari langu limelala polisi. Uraka umenitia mtaroni!"

Watu walicheka mpaka machozi. Hadija naye alicheka.

Tunashukuru ni Noah nyeupe. Jina hilo limeandikwa kwenye kioo cha nyuma. Kila Jumapili iliwapeleka wanafunzi wa sekondari mjini Mtwara, na kila Ijumaa iliwarudisha. Dereva wake, Valdemar, alizaliwa hapo hapo Mahurunga. Ila wazazi wake walitoka Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, na watu hawasahau mambo kama hayo. Farida, binti wa Hadija, alikuwa mmoja wa abiria wake. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa umekaribia.

Jioni ile utani ukageuka habari. Kisimani walisema Valdemar alikamatwa amelewa. Sokoni wakaongeza kwamba alikuwa hawezi hata kusimama. Kufika msikitini, alikuwa ameshagonga ng'ombe. Ng'ombe wa nani, hakuna aliyejua.

Valdemar alikuja mwenyewe kujitetea.

"Mama Farida, si mimi," alisema. "Juma gari liliposhikwa, mimi nilikuwa nimevuka kwenda kumzika shangazi yangu. Tajiri mwenye gari alimpa usukani deiwaka, dereva wa kushikia. Niliporudi aliniambia tu kwamba gari lilishikwa na mambo yamekwisha."

"Deiwaka gani?" Omari alimkatiza.

"Hakunitajia. Nikimuuliza, anasema tu yamekwisha."

"Kila mlevi anasema si yeye," Omari alijibu. "Mwanangu hapandi gari lako tena."

Valdemar alivaa kofia yake, akaondoka. Hadija alimwonea huruma. Usiku mmoja wa masika Farida aliwahi kushikwa na malaria kali. Ni Valdemar huyo huyo aliyemkimbiza hospitali, njia nzima matope.

Omari alikuwa ameshapata dawa ya tatizo. Rafiki yake mmoja ana gari, na dereva atakuwa Fadhili, mtoto wa dada yake Omari. Fadhili alikuwa amerudi juzi tu kutoka Ufukoni, mjini. Alisema amechoka na maisha ya mjini. Sasa alikuwa akiswali safu ya mbele na kuwasaidia wazee kubeba magunia.

"Fadhili ni damu yangu," Omari alisema. "Mimi ni mjomba wake. Nikimdhamini mimi, nani atasema neno?"

Kweli, hakuna aliyesema. Huku mjomba ndiye mwenye mpwa. Mpwa akioa, mjomba yupo. Mpwa akiharibu, mjomba ndiye anayeitwa.

Lakini Hadija hakupata usingizi. Kama Valdemar ni mlevi kweli, sawa, aondoke. Na kama si yeye, basi mlevi yule yuko wapi? Mtu huyo bado ana mikono na miguu. Anaweza kuendesha gari lolote, na watoto ndani.

Siku ya pili alimpelekea Farida mihogo mjini. Farida na wenzake walipanga chumba Magomeni ya hapo Mtwara, nyumbani kwa Theresia. Mama huyu ni msaidizi wa kisheria. Kazi yake ni kuwaelekeza watu juu ya haki zao, mirathi, mashamba na mahakama. Hadija alimweleza yote, hata mfuniko wa sufuria.

Theresia alicheka.

"Sasa nani alimwona Valdemar kwenye usukani?" aliuliza.

"Mzee Kassimu aliliona gari polisi, hapa mjini."

"Nimekuuliza dereva, dada. Gari halinywi."

Hadija aliitikia kwa kichwa. Ni kweli. Mahurunga nzima inamjua dereva kwa gari lake. Likipita Tunashukuru, watu husema, "Valdemar huyo," hata kabla ya kuona uso.

"Nilipita kwa trafiki asubuhi," Hadija alisema. "Waliniambia hawatoi habari za mtu ovyo ovyo."

"Na wako sawa. Polisi wanachunguza. Lakini kuendesha gari umelewa ni kosa la jinai. Likifika mahakamani, kesi inasikilizwa hadharani. Mimi na wewe tunaweza kuingia, tukakaa kwenye benchi, tukasikiliza. Na kesi ikiisha, kumbukumbu yake inabaki pale."

"Hata mimi mkulima naweza kuiuliza?"

"Kwani mahakama ni ya nani? Ila uende na vitu vinavyosaidia kutafuta. Jina kamili la mtu, namba ya gari, mahali lilipokamatwa, na tarehe, hata kwa kukisia. Na uende mahakama ya mahali kosa lilipotokea. Usiangalie dereva anaishi wapi."

"Binti yangu anasema siku hizi kila kitu kiko kwenye simu."

"Hukumu nyingi za mahakama za juu zimewekwa mtandaoni, na unazisoma bure. Hizi kesi ndogo za barabarani mara nyingi hutazipata huko. Hizi zinataka miguu."

Tarehe waliikisia kwa juma la msiba wa shangazi wa Valdemar, na namba ya gari ilipatikana kirahisi. Farida alikuwa na picha kwenye simu, yeye na wenzake wamesimama mbele ya Tunashukuru wakitabasamu.

Theresia alimsaidia kuandika barua fupi kwa hakimu mfawidhi, mkuu wa mahakama ya hapo mjini. Barua ilisema Hadija ni nani, anatafuta kesi gani, na kwa nini. Ni mzazi, na anataka kujua usalama wa wanafunzi. Hakuna maneno makubwa.

"Kama kuna ada, utapewa namba ya malipo na risiti ya serikali," Theresia alimwonya. "Usimpe mtu yeyote chochote mkononi."

Mahakamani, Theresia alimwonyesha ubao wa matangazo. Kesi za siku ile zilikuwa zimebandikwa: namba ya kesi, majina, hakimu, saa. Mtu yeyote angeweza kusoma. Hadija alishangaa. Mara ngapi alipita nje ya jengo lile akiongeza mwendo, kana kwamba ukuta ungemkamata?

Walipeleka barua masjala, chumba kinachotunza majalada. Karani aliipokea akawaambia warudi mchana, hakimu akishaipitia. Waliporudi, ruhusa ilikuwa imetoka. Karani akatafuta jina la Valdemar.

"Hakuna," alisema.

Hadija alishusha pumzi. Aliinuka kuondoka.

"Kaa kwanza," Theresia alisema. "Kutokuonekana kwa jina hakumalizi kazi. Labda limeandikwa vingine. Labda kesi iko mahakama nyingine. Kaka, tusaidie kwa namba ya gari na tarehe."

Karani alitafuta tena, safari hii taratibu. Kisha akaleta jalada jembamba, akalifungua mbele yao.

Hati ya mashtaka ilikuwa juu. Namba ya gari ilikuwa ile ile. Hadija alishuka kwa kidole mpaka kwenye jina la mshtakiwa. Akalisoma. Akalirudia. Kisha akamsogezea Theresia jalada.

Fadhili. Jina lake, la baba yake na la babu yake. Mkazi wa Ufukoni.

"Labda ameshtakiwa tu," Hadija alisema kwa sauti ndogo. Alitamani iwe hivyo.

"Swali zuri," Theresia alisema. "Kushtakiwa si kutiwa hatiani. Wapo wanaoachiwa. Ndiyo maana tunasoma mpaka mwisho."

Wakasoma mpaka mwisho. Kipimo cha pumzi kilionyesha amelewa. Fadhili alikiri kosa mbele ya hakimu. Alitozwa faini, akazuiwa kuendesha gari kwa mwaka mzima. Mwaka huo ulikuwa haujafika hata nusu.

Hadija aliomba nakala ya hukumu. Alipewa namba ya malipo, akalipa, akapata risiti yake. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliikumbatia bahasha kifuani. Aliogopa, na haikuwa siri. Angesemaje mbele ya mume wake kwamba damu yake ndiyo iliyoharibu? Ukoo wa mumewe ungesema mke kaja kuuchafua. Lakini Jumapili ilikuwa imekaribia, na Farida angekaa kiti cha nyuma, Fadhili akiendesha.

Omari alikuwa barazani akichambua korosho.

"Baba Farida, nina neno, na ni zito," Hadija alisema. "Sikuliokota kisimani. Soma mwenyewe."

Omari alisoma polepole, midomo ikicheza. Alipomaliza alitazama mihuri, mbele na nyuma. Kisha akamwita Fadhili.

"Hili jina ni la nani?" alimuuliza.

Fadhili aliuona muhuri. "La kwangu, mjomba."

"Umezuiwa kuendesha. Na Jumapili ungewabeba watoto wetu?"

"Nimeacha kunywa, mjomba. Wallahi nimeacha."

"Nafurahi kusikia. Lakini ulimsikia Valdemar akitukanwa kijiji kizima. Ulikaa kimya. Mimi mwenyewe nilimtukana kwa ajili yako!"

Fadhili alilia. Hadija alihisi uchungu, maana kijana yule yeye mwenyewe alimlea utotoni. Omari hakumpiga wala hakumfukuza. Alinyoosha mkono tu.

"Lete funguo za gari. Mwaka ukiisha, na pombe ukiwa umeiacha kweli, tutazungumza. Sasa twende kwa Valdemar. Mjomba ndiye anayeitwa mpwa akiharibu. Mimi sitasubiri kuitwa."

Jumapili, Tunashukuru ilisimama mahali pake pa siku zote. Wazazi walijaa. Omari alisimama mbele yao wote, akavua kofia.

"Valdemar, nilikusingizia," alisema. "Aliyekamatwa ni mpwa wangu. Mke wangu alikwenda kutafuta ukweli mahakamani, mahali ukweli unapokaa. Nisamehe."

Valdemar aliinamisha kichwa. "Yamekwisha, Baba Farida," alisema, akampa mkono.

Mzee Kassimu naye alikuwapo. Mtani hakosi penye watu. Alipofungua mdomo tu, wanawake wakamwahi.

"Mzee Kassimu, leo tupe na namba ya kesi!"

Watu waliangua kicheko. Mzee Kassimu alicheka kuliko wote. Siku hizi wazazi wa vijiji jirani humfuata Hadija kabla ya kukodi gari. Yeye huwauliza kwanza jina kamili la dereva, kisha huwaelekeza mahakamani.

Jumapili ile, kicheko kilipoisha, wanafunzi walianza kupanda. Farida alielekea kiti cha nyuma, alikozoea. Omari alimshika bega, akamfungulia mlango wa mbele.

"Kaa hapa, mwanangu," alisema. "Karibu na dereva."