Sketi Iliyofumuliwa Mara Tatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, mjukuu wangu hunitungia uzi kwenye sindano, maana macho yangu ya fundi cherehani yamechoka. Ana miaka kumi na mitatu. Kwa wembamba wake, wenzake humwita Njiti.

Muhula mmoja alianza kuumwa tumbo kila baada ya kula. Zahanati wakampa dawa ya minyoo, kisha ya vidonda vya tumbo. Wakapima damu, wakasema haina neno. Basi mwalimu wa michezo akamwita mvivu anayekwepa mbio, na wenzake wakapata la kusema.

"Njiti, leo unaumwa tumbo au unaumwa uvivu?"

"Uvivu hauumi," aliwajibu. "Ungeuma, wewe ungeshalazwa."

Na mimi nilikosea. Sketi ilipombana kiunoni, nilifumua mshono nikaiongeza. Nikafumua tena, na tena. Fundi akiona nguo inabana hutazama nguo, hatazami mwili. Nikasema anakua.

Siku moja alisimama mbele ya cherehani yangu. "Bibi, kama nakua, mbona mikono inapwaya kwenye shati? Sidanganyi. Twende hospitali kubwa."

Nikafunika cherehani, tukaenda.

Daktari alisoma karatasi za zahanati. "Damu yake iko sawa, bibi. Mpe muda."

"Siondoki," mjukuu wangu akasema, kwa adabu lakini bila kuinuka. "Nishike tumbo kwanza, daktari. Hapa kushoto."

Nikamwonyesha daktari alama za mishono mitatu kwenye sketi. Hakucheka. Alimlaza, akambonyeza chini ya mbavu, akaagiza apigwe picha ya tumbo. Muuguzi alinivutia kiti bila kuombwa, sijamsahau.

Picha ya tumbo ilionyesha damu imeganda ndani ya mshipa unaotoka kwenye utumbo kwenda kwenye ini, na bandama imevimba; ndiyo iliyokuwa ikibana sketi. Damu ikapelekwa kwenye kipimo kingine. Baada ya wiki mbili daktari alituita.

"Uboho ndani ya mifupa yake unatengeneza chembe za damu kupita kiasi," alisema. "Bandama ilikuwa inazishikilia, ndiyo maana hesabu ilionekana ya kawaida. Nami nilikaribia kukurudisha nyumbani, binti. Samahani."

Sasa anameza dawa za kuzuia damu isigande, na hupimwa kila mwezi. Ugonjwa bado upo, ila umeshikwa, na anakula bila maumivu.

Mwalimu wa michezo aliposikia, alikuja nyumbani kumwomba radhi.

"Uliniita mvivu mbele ya darasa, mwalimu," mjukuu wangu akasema. "Niombe radhi hukohuko."

Nilitaka kumkanya. Mwalimu akanizuia kwa mkono. "Mwache, bibi. Ana haki."

Kesho yake nilisimama mlangoni mwa darasa nikasikia kwa masikio yangu. Mwalimu aliomba radhi, kisha akawageukia wote. "Mwenzenu akisema anaumwa, msikilizeni kabla ya kumcheka. Na wewe unayeumwa, sema kweli. Wasipokusikia, sema tena, hata kama asiyesikia ni mimi."