Jibu Lisilosikika Kwenye Simu

Kengele ya mchana ikilia mjini Igloolik, kaskazini ya mbali ya Kanada, watoto wote hukimbia nyumbani kula. Ivalu, msichana wa miaka kumi na miwili, hakuwa akikimbia tena. Alitembea polepole kwenye theluji, kwa sababu nyumbani walikuwa wamebaki wawili tu, yeye na mama yake.

Siku hiyo mama yake, Mialia, alikuwa ametandaza boksi sakafuni na kuweka juu yake samaki aliyeganda, akimkata vipande vyembamba.

"Nikumiminie chai?" Ivalu aliuliza.

Mama akapandisha nyusi. Kwao nyusi zikipanda ni ndiyo, pua ikikunjwa ni hapana, na Mialia aliweza kushinda siku nzima kwa hayo mawili. Msemaji wa nyumba alikuwa Juanasi, mumewe. Yeye alikuwa akiingia na theluji kwenye viatu, huku akipaza sauti, "Mama! Chai ipo?" Mama aliyeitwa hapo alikuwa Ivalu. Alipozaliwa alipewa jina la mama mzazi wa Juanasi, aliyekuwa amefariki mwaka huohuo, na kwa desturi yao mwenye jina huchukua na heshima ya jina. Basi mwanamume mzima mwenye ndevu alimwita mtoto mchanga mama, na hakuna jirani aliyeshangaa.

Lakini mwaka huo Juanasi aliugua. Walimpeleka kwa ndege katika hospitali ya mbali kusini. Uwanjani alimshika Ivalu mkono akamwambia, "Mama, huyu mke wangu si msemaji, unamjua. Usimwache peke yake." Alirudi kwa ndege kama alivyokwenda, lakini ndani ya jeneza.

Baadaye Mialia aliomba mafao ambayo serikali huwapa watoto waliofiwa na wazazi. Ombi likakataliwa. Ivalu alizaliwa na binti wa ndugu yake Juanasi, akakabidhiwa kwao angali mchanga, kama ambavyo watoto wengi hukabidhiwa huko, lakini jambo hilo halikuwahi kuandikishwa. Ofisi ikajibu kwamba hapakuwa na uthibitisho kuwa marehemu alikuwa baba wa mtoto. Ivalu alipolisoma neno hilo, alihisi kama baba yake amekufa mara ya pili. Mialia akakata rufaa.

Siku chache baadaye simu ililia wakati mama yuko kwa jirani. Ivalu akaipokea.

"Naitwa Odette," alisema mwanamke. "Nafanya kazi ya kuwasaidia watu wanaokuja mbele ya baraza la rufaa. Mama angependa asikilizwe kwa simu, kwa video, au ana kwa ana? Na je, atahitaji mkalimani?"

"Simu inatosha," Ivalu alijibu haraka. "Mkalimani wa nini? Mimi ni wa kwanza darasani kwa Kiingereza."

"Umemuuliza mama?"

Ivalu alikumbuka maneno ya uwanja wa ndege. Kusema kwa niaba ya mama ilikuwa kazi yake, hakutaka mtu mwingine aichukue.

"Ndiyo," alisema. "Nimemuuliza."

Shuleni alijigamba kwa rafiki yake Saila. "Nitazungumza na baraza lenyewe!"

"Haya, mheshimiwa wakili," Saila alimcheka. "Hata kumwomba mwalimu ruhusa ya kwenda chooni huwa unanituma mimi!"

Siku ya kusikilizwa ilifika. Waliweka simu mezani, ikiwa kwenye spika. Mjumbe wa baraza, Bwana Whitlock, alikuwa na sauti ya upole. Alieleza mambo ya mwanzo, Ivalu akayatafsiri vizuri. Kisha akasema, "Sasa, binti, shauri hili linakuhusu wewe mwenyewe. Sina budi kumsikia mama yako, si wewe. Kwenye ombi lake amesema anaelewa Kiingereza kidogo. Tafadhali nyamaza kwanza." Ivalu akafunga mdomo.

"Bibi Mialia, je, Juanasi alimlea mtoto huyu kama wake?"

Mama alipandisha nyusi. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

Simu ilikuwa kimya.

"Bibi Mialia, umenisikia? Alimlea kama wake?"

Mama alipandisha nyusi tena, juu zaidi, akiitazama ile simu kana kwamba ina macho.

"Kuna ndugu yeyote aliyewahi kupinga malezi hayo?"

Mama alikunja pua. Ivalu aliuma midomo asiseme.

"Basi niambie hili tu," Bwana Whitlock alisema, sasa amechoka kidogo. "Alikuwa akimwita nani mtoto huyu?"

"Mama," Mialia alijibu kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. "Yeye kumwita mama."

Upande wa pili karatasi zilisikika zikigeuzwa. "Alimwita mtoto mama? Sielewi. Nitaamua kwa haya machache niliyoyapata. Asanteni." Simu ikakatwa.

Ivalu alilipuka. "Kwa nini hukumjibu? Alikuuliza mara mbili! Sasa wataandika kuwa baba hakuwa baba yangu!"

Mialia alimtazama kwa mshangao. "Nilimjibu," alisema taratibu. "Wewe si ulikuwa hapa? Uliniona."

Maneno hayo yalimchoma Ivalu kuliko kofi. Ni kweli, alimwona. Aliyekuwa upande wa pili ndiye hakuona kitu, na aliyechagua simu ni yeye Ivalu, kwa uongo. Alilia kwa kwikwi. Kisha akamweleza mama kila kitu, na mama akaisogeza simu mbele ya Ivalu ili ampigie Odette.

"Bibi Odette," Ivalu alianza, "nilikudanganya. Sikumuuliza mama. Na leo alijibu, lakini kwa nyusi."

Odette alimsikiliza mpaka mwisho. "Umefanya vizuri kusema kabla uamuzi haujatoka," alisema. "Ulikosa, lakini sisi tulikosa zaidi. Kazi yangu ni kujua kila mtu anayekuja kwetu anatoka wapi, anasema lugha gani, na jinsi alivyozoea kuzungumza. Maana tukimpa kila mtu simu ileile tukadhani tumetenda haki, mama yako atapotea hewani. Sikupaswa kupokea jibu lake kutoka kwa mtoto. Sasa mpe yeye simu nimuulize mwenyewe, taratibu tu, nami nitasubiri ajibu."

Bwana Whitlock alikubali kuwasikiliza tena. Safari hii walikaa kwenye ukumbi wa mji mbele ya video, pamoja na mkalimani, mwanamke wa hapohapo aliyeitwa Leetia, ambaye Mialia alimchagua mwenyewe. Leetia alieleza kwanza habari ya nyusi na pua, kisha desturi ya majina.

Maswali yakaulizwa upya. Nyusi za Mialia zilipanda, Bwana Whitlock akaziona na kuandika. Halafu Mialia, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema maneno mengi kwa mpigo, alisimulia kwa lugha yake usiku ambao mumewe alimpokea mtoto, akamfunika kwa koti lake mwenyewe na kumwambia, "Karibu tena nyumbani, mama." Leetia alitafsiri huku akifuta machozi.

Mwishoni Bwana Whitlock alimgeukia Ivalu. "Na wewe ulikuwa ukimwita nani?"

"Mwanangu," alijibu. "Kwa sababu ya jina langu. Nilikuwa namwambia, mwanangu, vua viatu, sakafu inalowa." Akamtazama Bwana Whitlock kwenye video. "Nimefiwa na baba, bwana. Na nimefiwa na mwanangu."

Bwana Whitlock aliinamisha kichwa, akayaandika maneno hayo.

Uamuzi ulitoka majuma kadhaa baadaye. Uliandikwa katika lugha zote mbili, na ulisema wazi kwamba Juanasi alikuwa baba wa Ivalu tangu siku ile alipompokea. Mialia aliusoma katika lugha yake, akaurudia, kisha akalia kwa sauti kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Ivalu alimkumbatia. Walilia pamoja, maana walichokuwa wakikitafuta wamekipata, na mtu waliyemtaka hakuwapo.

"Mama, nisamehe," Ivalu alisema. "Nilitaka kukusemea, kama baba alivyoniagiza."

Mialia alimpangusa uso kwa kiganja. "Baba yako aliishi nami miaka mingi na alinisemea kila mahali, dukani, kanisani, hata kwa daktari," alisema. "Lakini kabla ya kufungua mdomo alikuwa ananigeukia kwanza, anautazama uso wangu. Ukitaka kumsaidia mtu, mwanangu, muulize kwanza, halafu ungoje mpaka ajibu kwa njia yake. Na ukiulizwa kama umemuuliza, sema kweli."