Nukta Anaandika

Shangazi amepika mapema.

Maneno matatu tu kwenye simu. Kamshat Orazova aliyasoma mara moja, akayafuta, akaruka chini kabla treni haijasimama vizuri.

Maana yake aliijua. Mtu waliyekuwa wakimwinda alikuwa ameshaingia tena mji wa Temirsu. Kikosi cha kumsaidia kilikuwa kimekwama kwenye theluji, kilomita mia mbili kusini.

Asisubiri.

Saa tano na nusu asubuhi. Digrii thelathini na nne chini ya sifuri. Kope zake zilishikana kwa barafu kabla hajaifikia teksi.

"Mtambo wa joto," alimwambia dereva.

"Dada, huko hakuna hoteli."

"Sitafuti hoteli."

Ndani ya sikio lake la kushoto kulikuwa na kifaa kidogo kuliko punje ya mahindi. Kikakoroma. Sauti ya Sanzhar, fundi wa Idara ya ujasusi, ikatoka Almaty.

"Shomoro, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Mtu wetu yuko mtandaoni. Anamshauri mtu kuhusu feni."

Kamshat alitazama nje ya dirisha. Nyumba za ghorofa tano zilipita moja baada ya nyingine, nguo zikiwa zimeganda kama mbao kwenye roshani.

Mambo haya yalianza na soga.

Miaka miwili nyuma Idara ilimwingiza Kamshat kwenye Bisibisi, baraza la mtandaoni la watu wanaopenda kompyuta na vifaa vyake. Alitumwa kuwatafuta wafanya magendo waliokuwa wakiingiza vyombo vya kunasa simu. Mwaka wa kwanza ulipoisha, wote walikuwa gerezani. Yeye akaachwa barazani, awe sikio. Jina lake la baraza lilikuwa Chai ya Maziwa.

Sikio likanogewa.

Kila asubuhi, kabla hajaosha uso, alisoma walichoandika.

"Feni yangu inanguruma kama ndege inayoruka. Nifanyeje?"

"Ifungulie dirisha iende zake."

"Umewahi kuipangusa vumbi tangu uinunue?"

"Vumbi ndilo linaloishikilia hiyo kompyuta, mwacheni mwenzenu."

Hawa walikuwa watu wake. Hilo hakuliandika kwenye ripoti yoyote.

Na kati yao wote, mtu wake zaidi alikuwa Nukta.

Hakuwahi kumwona. Lakini mama yake Kamshat alipofariki, na simu ya marehemu ikakataa kuwaka ikiwa na sauti zake zote ndani, Nukta alikaa naye siku tatu mtandaoni. Gusa hapa kwa ncha ya pasi ya kulehemu. Usiharakishe. Pumua. Simu iliwaka kwa dakika kumi na moja, kisha ikafa kabisa. Dakika hizo zilitosha kuzihamisha sauti.

Mwezi wa kumi na mbili Nukta alitangaza zawadi: kibodi aliyoiunda kwa mikono yake. Ikamwangukia mwanachama aitwaye Pasi Baridi. Wiki moja baadaye Pasi Baridi akaweka picha.

"Nimeipeleka kazini. Vidole vyangu vimehamia peponi. Ila kila nikirudi kutoka kula mchana, naikuta taa yake inawaka yenyewe."

Nukta akajibu, "Usijali kaka, ndivyo zilivyo. Wenzako hawalalamiki kelele? Au mchana unabaki peke yako chumbani?"

Watu wakacheka, wakatania. Kamshat hakucheka. Pembeni mwa picha, nyuma ya kikombe, kilionekana kipande cha skrini chenye mistari myekundu na ya buluu. Aliikuza picha.

Pampu. Ilikuwa ramani ya mtambo unaopasha joto mji mzima.

Na fundi wa kibodi huuliza vitufe vinasikikaje. Haulizi nani yumo chumbani saa ya chakula.

Teksi ikasimama.

Pasi Baridi alimpokea kwenye chumba cha walinzi, akidhani ni mkaguzi. Jina lake halisi lilikuwa Miras Abenov, mtu mnene mwenye sweta lililofumwa nyumbani. Kamshat alingoja walinzi watoke.

"Mimi ni Chai ya Maziwa."

Miras akakodoa macho, kisha akaangua kicheko. "Wewe? Miaka yote hii nilidhani wewe ni mzee mwenye kitambi!"

"Kibodi yako ina redio ndani, Miras."

Kicheko kikakatika.

Alimweleza kwa sentensi tano. Kila siku saa saba, mafundi wa zamu wakienda kula, mtu hukaa nje ya uzio na kuamuru kompyuta ya pampu kupitia ile kibodi. Mpaka jana alikuwa akijaribu tu. Baridi ya leo ndiyo yeye na waliomtuma waliyokuwa wakiingojea. Pampu zikisimama, maji yataganda ndani ya mabomba na mabomba yatapasuka. Watu elfu themanini.

"Nukta?" Miras alisema. "Hapana, dada. Nukta alinisaidia kumnunulia binti yangu kompyuta. Alinikataza ile ya bei mbaya."

"Najua."

"Basi naenda kuing'oa sasa hivi."

"Ukiing'oa sasa, ataona. Ataondoka, na mwezi ujao atarudi na kitu ambacho mimi na wewe hatutakiona. Nataka nimkute kwenye gari lake."

Miras akatikisa kichwa. "Mama yangu anakaa ghorofa ya nne, mtaa wa pili kutoka hapa. Miguu yake haitembei. Unacheza na hilo?"

Kamshat alikuwa amepiga mahesabu haya ndani ya treni usiku kucha na kila mara yalitoka vibaya.

"Kaa mezani pako," alisema. "Usiende kula. Shika waya wa kibodi, na simu iwe sikioni. Nikisema sasa, vuta."

"Na ukichelewa kusema?"

"Ikigonga saa saba, vuta hata hivyo."

Saa saba kasoro dakika sita.

Nje ya uzio, kando ya bwawa la kupozea mitambo, magari matatu yalikuwa yameegeshwa huku injini zikinguruma. Kwa baridi ile hakuna aliyethubutu kuzima gari. Moshi mweupe ulisimama wima nyuma ya kila moja.

"Redio yenyewe ni ndogo," Sanzhar alisema sikioni. "Lazima awe ndani ya mita mia tatu."

"Kuna magari matatu."

"Lipi?"

Kamshat alivua glovu moja. Akaandika barazani kwa kidole kilichokuwa kikifa ganzi.

"Jamani, tuache kudanganyana. Swichi za kibodi, za kahawia na za buluu, hazina tofauti yoyote. Ni rangi tu ya kuuzia."

Bisibisi ikalipuka.

"Chai, umeanguka kitandani?"

"Mpelekeni hospitali!"

"Futa hiyo kabla Nukta hajaiona."

Chini kabisa yakatokea maandishi madogo ya kijani.

Nukta anaandika...

"Amenasa," Sanzhar alinong'ona.

Kamshat alitia mkono mfukoni, penye bastola aina ya Makarov, akaliendea gari la kwanza. Toyota. Akagonga kioo.

"Kaka, una waya za kubusti betri? Gari langu limegoma."

Mwanamume aliyekuwa amelala alifumbua jicho moja. "Sina, dada. Jaribu wale."

"Bado anaandika," ilisema sauti sikioni.

Gari la pili, Niva. Mume na mke walikuwa wakila maandazi kutoka kwenye mfuko wa karatasi.

"Waya?" mke alisema. "Huyu? Huyu hana hata spana. Nilimwambia Novemba, akasema tutaona."

"Mbele ya watu, Kulyash?"

"Bado," alisema Sanzhar. "Anaandika kama mtu aliyetukaniwa ukoo."

Gari la tatu. UAZ jeupe la mizigo, vioo vya nyuma vimezibwa kwa makaratasi.

Kamshat akagonga.

Sikioni kukawa kimya. Pumzi moja. Ya pili.

"Ameacha kuandika."

Kioo cha dereva kilishuka upana wa kidole. Uso mpana, kofia nyeusi, macho yasiyo na haraka.

"Hatuna," dereva alisema kabla hajaulizwa. Lafudhi yake haikuwa ya huku.

Nyuma yake, juu ya kreti, alikaa mtu mwembamba mwenye miwani na kompyuta magotini. Ndevu zina mvi. Glovu zilizokatwa ncha. Angeweza kuwa mwalimu wa hesabu.

Kamshat alimsemesha yeye.

"Kwa hiyo za kahawia na za buluu si sawa?"

Yule mtu alifumba macho.

"Chai," alisema taratibu.

Dereva hakuelewa neno, lakini sauti aliielewa. Aligeuka nyuma, akanyoosha mkono mrefu na kukibamiza kitufe kimoja cha kompyuta.

"Sasa!" Kamshat alipiga kelele. "Miras, sasa!"

Mlango ulifunguka kwa teke, ukampiga kifuani. Akaanguka chali kwenye theluji. Risasi ikapita juu yake na kuvunja taa ya Niva. Kulyash akapiga yowe.

"Nimevuta!" Miras alikuwa akihema simuni. "Nimevuta, lakini mbili zimeshasimama! Pampu ya pili na ya tatu!"

"Ziwashe!"

"Kwa mkono, dada! Lazima nishuke chini!"

"Shuka!"

Dereva alikuwa akikimbia. Kamshat aliinuka. Akalenga, akafyatua. Bastola ikatoa mlio mdogo mkavu. Mafuta yalikuwa yameganda ndani yake.

Akaisokomeza kwapani chini ya koti, akakimbia.

Dereva aliruka ukingo, akashika njia ya mkato juu ya barafu ya bwawa. Ng'ambo ilikuwa barabara kuu. Hatua ishirini. Thelathini.

Mgeni. Mtu wa Temirsu asingepita pale. Maji ya mtambo hutoka ya moto na kumwagwa humo humo. Karibu na bomba, barafu haizidi unene wa sahani.

Ilipasuka bila kelele kubwa. Akazama hadi shingoni.

Kamshat alisimama ukingoni. Mvuke ulipanda kumzunguka yule mtu kama yuko bafuni. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado juu ya maji, na silaha ndani yake.

"Maji ni ya uvuguvugu," Kamshat alimwambia. "Humo unaweza kukaa. Ukitoka hivyo ulivyo, utaganda kabla hujaifikia barabara."

Dereva alitweta. Akaitazama barabara. Akamtazama yeye.

"Tupa bastola huku. Nitakupa koti langu."

Akafyatua. Risasi ilirusha vipande vya barafu mguuni pa Kamshat. Hakusogea. Alitoa Makarov kwapani, ikiwa imepata joto, akapiga risasi moja ndani ya maji, shubiri moja kutoka sikio la yule mtu.

"Koti ni moja," alisema. "Na mwenyewe nalihitaji."

Bastola ikatupwa ukingoni.

Aliporudi kwenye UAZ, walinzi wa mtambo walishamfunga dereva na kumfunika mablanketi mawili. Kamshat alitegemea kukuta nafasi ya nyuma tupu. Funguo zilikuwa kwenye gari na injini inanguruma.

Nukta alikuwa amekaa palepale. Mikono juu ya magoti.

"Mbona hukuondoka?"

"Niende wapi?" Alivua miwani, akaipangusa. "Sauti za mama yako. Unazo bado?"

Kamshat alitaka kumpiga. Badala yake alikaa kwenye kreti iliyomkabili. Magoti yao yalikaribia kugusana.

"Kwa nini?"

"Waliniambia pampu zitasimama kwa saa mbili tu. Jaribio."

"Kwa digrii thelathini na nne?"

"Hapana," alikiri. "Nilijua saa mbili zingefanya nini." Sauti yake ilishuka. "Miaka ishirini nimekuwa nikiwabadilishia watu vioo vya simu, Chai. Hakuna aliyewahi kuniletea kitu kigumu. Hawa walikuja wakaniuliza kama naweza. Nikaweza. Kwenye kibodi ile hakuna waya hata mmoja uliokaa vibaya. Kaifungue, utaona."

Alisema hivyo kwa fahari, kisha akainamisha kichwa, aibu ikamkamata hadi mabega.

"Pasi Baridi alikuwa na furaha sana," alisema. "Aliposhinda."

Kamshat alitoa pingu. Mikono ya Nukta ilikuwa myepesi, yenye alama ndogo za kuungua kwenye vidole, kama ya kila mtu barazani. Alizifunga zisibane.

Simu ikalia.

"Zimewaka," Miras alisema. Alikuwa akilia au akicheka. "Zote mbili. Dakika nane zilisimama. Nimempigia mama, anasema hakuna kilichopasuka."

"Umefanya kazi, kaka."

"Dada, barazani wanamuuliza Nukta. Niwaambie nini?"

"Usiwaambie kitu."

"Wataendelea kumuuliza."

"Najua."

Alikata simu. Sanzhar akaingia sikioni, safari hii bila utani. "Shomoro, Kanali wetu anasema Chai ya Maziwa afutwe leo. Akaunti, picha, kila kitu."

"Mwambie nimesikia."

Saa kumi kasoro robo alikuwa stesheni, amevaa koti la kuazima la mlinzi lililonuka tumbaku. Simuni, baraza lilikuwa linaendelea. Mtu alikuwa ameuliza kuhusu chaja. Mwingine alisema Chai amemuudhi Nukta, aombe msamaha. Kamshat alisoma hadi mwisho. Kisha akabonyeza pale palipoandikwa futa, akathibitisha, akaulizwa kama ana hakika, akathibitisha tena.

Chumba cha kungojea kilikuwa na joto. Chini ya dirisha, bibi mmoja alikuwa ameanika soksi za wajukuu juu ya mabomba na kuzigeuza moja moja.

"Mchana haya mabomba yalipoa," bibi alimlalamikia, kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine. "Nimeyagusa mwenyewe. Dakika kumi nzima! Wale watu wa mtambo wanalala kazini, mwanangu. Wanalala!"

Kamshat aliweka kiganja juu ya bomba. Lilikuwa la moto kiasi cha kuunguza.

Hakuutoa mkono.

"Kweli, mama," alisema. "Wanalala."

Treni ikapiga honi. Akafunga koti la mlinzi mpaka kidevuni, akatoka nje kwenye baridi.