Dole Gumba la Mzee Masunga

Yalimpata rafiki yangu Pudensiana mwaka 1996, alipokuwa akiandikisha watu wa kugawiwa mashamba kijijini Kasokola, ndani ya stoo yenye giza. Mmoja wao, Mzee Masunga, hakujua kuandika, na mara mbili alama ya dole gumba lake ilitoka doa tupu.

"Nikikosa shamba, wanangu watakula nini?"

"Unakandamiza sana, baba. Legeza mkono, nikuviringishie mimi."

Akakishika kidole. Kilikuwa baridi, kinateleza kama utumbo wa kuku. Kilipobanduka karatasini kililia chwaa, na harufu ya panya aliyeoza ikamjaa puani.

Mzee alishukuru, akaondoka. Pudensiana akaipeleka fomu mlangoni penye mwanga. Safari hii alama ilikuwa safi. Kisha mistari yake ikaanza kujinyonganyonga, mmoja mmoja, kama minyoo.