Santuri ya Marehemu Ida

Wizi wenyewe uligunduliwa kijijini Yakobi, Jumapili baada ya ibada, mbele ya watu, na hilo ndilo lililoharibu mambo. Mzee Methusela angekuwa peke yake, pengine angeanza kutafuta chini ya kitanda. Lakini majirani walikuwa wameshakuja na vigoda vyao, kama walivyozoea kila Jumapili, gramafoni imeshazungushwa hendeli, watu wameshanyamaza kumsikiliza marehemu mkewe. Mzee akafungua sanduku la santuri, akakuta bahasha tupu. Palepale akamnyooshea kidole mwanawe Filbert, akasema, "Huyu hapa! Mpelekeni bomani. Kuanzia leo sina mtoto wa jina lake."

Koplo Mika alifika Jumatatu mchana, ukungu umemlowesha mpaka soksi. Alikuwa Mkinga wa Makete, mtu asiyependa kelele, na huko kituoni Njombe walizoea kumtupia kesi ambazo wenzake walizikimbia: kuku, majembe, na sasa nyimbo. Hakulalamika. Alijua Filbert yuko mahabusu, na kwamba fundi msaidizi wa karakana kama yeye akihukumiwa kwa wizi, kazi hana tena. Baba ndiyo hivyo alishamkosa.

"Nieleze taratibu, mzee. Hiyo santuri ina nini?"

"Ina mke wangu," alisema Methusela. "Wazungu wa kurekodi walipita hapa mwaka ule wa hamsini na lori lao la mashine. Ida akaimba. Baadaye wakaniletea santuri moja, moja tu, kama zawadi. Ida akafariki. Sasa niambie, Koplo, nitaipata wapi nyingine?"

"Na kwa nini Filbert?"

"Kwa sababu ana redio! Tangu alinunue lile dude la betri, kutwa kucha Nairobi, kutwa kucha Dar es Salaam, waya umetundikwa mpaka juu ya mkaratusi. Juzi kaniambia usoni, 'Baba, hiyo gramafoni yako inakwaruza tu, itupe.' Mtu akisema hivyo, halafu kitu kikapotea, unamtafuta nani tena?"

Mika akalikagua sanduku. Kufuli lilikuwa zima, na ufunguo ulining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali ambapo mgeni asingepajua. Santuri nyingine zote zilikuwemo, hata zile mpya za dansi ambazo zingenunuliwa haraka mjini. Akahamia kwenye gramafoni. Juu ya kile kichwa kinachoshika sindano, mzee alikuwa amefunga kwa uzi senti kumi yenye tundu.

"Hii ya nini?"

"Uzito. Bila hiyo inarukaruka, na sauti inakuwa ndogo."

"Na sindano unanunua wapi?"

Mzee akacheka kwa mara ya kwanza. "Ninunue? Hao wanaosema sindano itumike mara moja itupwe ni wenye maduka, wanataka kututia umaskini. Hii ninayo mwaka wa pili. Ikichoka naipitisha kwenye kinoo cha mundu, inarudi kali."

Mika akapitisha kidole kwenye kitambaa cha sahani inayozunguka. Kidole kikatoka na vumbi jeusi, laini. Akalifuta kwenye kaptula.

Chai ililetwa na Dorika, binti wa mzee, aliyekuwa amekuja kutoka kwa mumewe Mdandu kumsaidia baba yake kipindi cha mavuno. Alipoinama kuweka vikombe, Mika aliona kopo dirishani, limejaa miiba.

"Hii miiba ya nini, dada?"

"Ya kutolea funza, afande."

Mika akachukua mmoja. Ulikuwa mwiba wa mlimau, mkavu, kitako chake kimekatwa kwa wembe. Akatazama na mingine. Yote ilikuwa ya urefu mmoja. Akautia mmoja mfukoni, akashukuru kwa chai.

Mika alimkuta Filbert ameketi sakafuni mahabusu, amejikunyata kwa baridi.

"Ulisema gramafoni itupwe?"

"Nilisema, afande. Inakwaruza. Kila mtu anaisikia isipokuwa baba, maana yeye huimba juu yake mwanzo mpaka mwisho, kwa sauti ya kuitia kanisa zima. Majirani wanaona haya kumwambia. Mimi siwezi kukaa pale nimsikilize mama yangu akikoroma. Bora Nairobi."

"Kwa hiyo ukaichukua."

"Niichukue niipige wapi? Redio haipigi santuri." Akafuta pua kwa mkono. "Muulize Elieza wa Makambako. Huyo ndiye aliyekuwa anaililia."

Basi Mika akadandia lori la magome ya miti ya miwati mpaka Makambako. Elieza alikuwa na hoteli ya chai pale njia panda, na gramafoni yake ilikaa juu ya meza ya peke yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Hakujificha hata kidogo.

"Niliitaka, sikatai! Mwimbaji wa kwetu kabisa, wateja wangejaa mpaka barabarani. Nikamfuata mzee kule kijijini Yakobi, akanipigia. Lo! Nikaaga. Mwanzo wa wimbo unamsikia mama, mwisho unasikia mvua tu. Imekwisha ile, Koplo. Nikipiga hapa watu watanirushia vikombe."

Mika alikuwa ameshafunua kile kitambaa. Kwenye kichwa cha gramafoni hapakuwa na sindano ya chuma.

"Unaweka mwiba?"

"Wa mlimau. Chuma kinaila santuri, mwiba unajila wenyewe. Sauti inakuwa ndogo, ndiyo, lakini santuri zangu za tangu wakati wa vita hizi hapa, zinaimba. Nakata kitako kwa wembe ili uingie vizuri kwenye tundu lake."

"Umewafundisha wangapi?"

"Yeyote anayeuliza. Wanaume hawaulizi, wanajua kila kitu."

"Na wanawake?"

"Ameuliza mmoja tu. Alikuwa anasubiri gari la kwenda Njombe. Nikamchumia na kopo zima."

Mika alikunywa chai yake mpaka mwisho. Ilikuwa tamu mno, na alikuwa na hamu ya kuifunga kesi hii bila kuona mtu analia, jambo ambalo alijua halitawezekana.

Siku iliyofuata alirudi Yakobi akiwa na Filbert, pingu mikononi. Mzee Methusela aligeuza uso ukutani. Dorika alisimama karibu na jiko, mwiko mkononi, na majirani wakachungulia dirishani.

"Mwizi wetu aliujua msumari wa ufunguo," Mika alianza. "Aliacha santuri za kuuzika, kwa hiyo hakutaka fedha. Angetaka kumkomoa mzee angeivunja, na vipande tungevikuta. Huyu aliitaka iwe nzima." Akauweka ule mwiba mezani. "Dada, miiba ya funza haikatwi kwa wembe, wala haipimwi ilingane. Hii ni ya gramafoni. Na gramafoni ya nyumba hii haijawahi kuwekwa mwiba."

Dorika akaweka mwiko chini. Akaliendea kapu la ulezi pembeni, akazamisha mikono mpaka viwiko, akatoa kitu kilichofungwa kwenye khanga.

"Wewe?" Methusela alisimama. "Na ndugu yako analala sakafuni mahabusu!"

"Nilidhani watamwachia jioni ileile. Halafu nikaogopa. Kaka, nimekukosea, nisamehe."

Filbert akamnyooshea Koplo mikono. Mika akamfungua pingu, naye akaanza kujisugua vifundo vya mikono.

"Sasa sema kwa nini," Mika alimwambia Dorika. "Si mimi, mwambie baba yako."

"Mama mwishoni anatutaja," alisema Dorika. "Anamtaja kaka, halafu mimi, wimbo unaisha. Kila Jumapili nilikuwa nasubiri pale tu, baba. Hata nilipoolewa nilikuja kwa ajili ya pale. Safari hii nimekuja, sikusikia nikitajwa. Jina la kaka linasikika kwa shida, langu limekwenda. Hiyo sindano ya kinoo inamkwangua mama, na hiyo senti inamkandamiza. Vumbi jeusi lililo kwenye sahani ni yeye. Nilikuambia mwaka jana, ukasema mwanamke atajua nini habari za gramafoni."

"Uongo! Mimi namsikia kila Jumapili, neno kwa neno!"

"Unajisikia wewe, baba. Unaimba naye."

Mzee akaielekezea gramafoni kidole. "Iwekeni! Iwekeni hapa, watu wote wasikie!"

Mika akakata uzi, senti ikaanguka. Akaingiza mwiba, akazungusha hendeli. "Mzee," alisema, "leo usiimbe."

Sauti ya Ida ikaja ndogo, ya mbali, lakini ikaja. Methusela aliziba mdomo kwa kiganja. Katikati mikwaruzo ikaanza, ikaongezeka, ikamfunika mwimbaji. Jina la Filbert lilipita kama mtu aliye nyuma ya ukuta. Baada ya hapo haikusikika ila ile mvua aliyoisema Elieza, mpaka mwiba ukafika kwenye karatasi ya katikati.

"Irudie," alisema Methusela.

"Hapana, baba."

"Irudie nimesema!"

"Kila ikirudiwa anapungua." Dorika aliinua santuri, akaikumbatia kifuani.

Mzee akakaa kwenye kigoda. Miaka yote aliyokuwa akimtunza mkewe, alikuwa akimsaga kwa mkono wake mwenyewe, na sasa alilijua hilo, na watu walimwona akilijua. Mika alimuuliza kwa upole kama bado kuna mashtaka. Mzee akatikisa kichwa.

Filbert alikuwa ameshachukua kofia, yuko mlangoni.

"Unakwenda wapi wewe?" Methusela aliuliza.

"Naenda zangu, mzee."

"Nilisema upuuzi siku ile, mwanangu. Upuuzi mtupu. Rudi ukae. Kwenye wimbo wewe unatangulia."

Filbert akabaki amesimama, halafu akakaa pembeni ya dada yake. Methusela akakohoa, akauanza ule mstari wa mwisho kama Ida alivyouimba, bila mashine. Jina la Filbert alilipata. La Dorika lilimkwama kooni, akaanza upya, likamkwama tena, akaanza upya mpaka likatoka lote.